Miaka mitatu nikiweka hela ya kliniki ya meno UTT Liquid Fund, na hati fungani kidogo

Habari zenu wakuu. Hii nawaandikia zaidi wenzangu wenye kliniki za meno, hasa sisi wa mitaani wenye kiti kimoja au viwili, ila mwenye famasi au maabara nae atapata kitu. Nimekua nikiulizwa sana inbox hela ya biashara naiweka wapi nikaona bora niandike yote sehemu moja.

Kliniki yangu iko Tabata, viti viwili, mimi na daktari mwenzangu mmoja, manesi wawili, dada wa mapokezi na mama wa usafi. Mwaka 2021 asubuhi moja Jumanne kompresa ilikufa. Mwenye kliniki ya meno anajua maana yake, bila hewa hendipisi, ile ya kutobolea jino, haizunguki, kiti kinabaki kua kiti cha kukalia tu. Nje wamekaa watu sita, mmoja uso umevimba, na mimi kwenye akaunti ya kliniki nina laki mbili na elfu sabini. Kliniki ilikua inajaa kila siku! Watu walikua wanasema dokta umetoboa, na mimi mwenyewe nilikua naamini hivyo, kumbe kila jioni nilikua nahamisha hela ya lipa namba naenda nayo nyumbani, mara ada, mara mchango wa harusi, mara tofali za nyumba Goba. Nikakopa kausha damu nikanunua kompresa nyingine na ile riba ilinila miezi mitano. Toka hapo nikaapa hela ya kliniki itakua na kwake.

Ndo nikafika UTT AMIS mwaka 2022. Kwa asiyejua, hii ni kampuni ya serikali iko chini ya wizara ya fedha, inasimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa kwanza ni Umoja ulioanza 2005, huu wa Ukwasi ambao wote tunauita Liquid umeanza 2013. Mnachangia watu wengi, wao wanapeleka hela kwenye hati fungani (unamkopesha mtoaji, mara nyingi serikali, kwa miaka na anakulipa riba), dhamana za muda mfupi za serikali na amana za benki, wewe unapewa vipande, yani sehemu yako ya mfuko. Kipande cha Liquid kilianza kwa shilingi 100, leo ni zaidi ya mara tatu. Hakuna gawio, faida inabaki ndani bei ya kipande inapanda taratibu siku hadi siku. Kuanza ni laki moja tu, nyongeza kuanzia elfu kumi, kuingia bure, kutoka bure. Hiyo ya kutoka bure ndo iliyonivuta kwasababu hela ya vifaa vya meno haijui kusubiri.

Watu wanauliza kwanini usinunue kiwanja. Kiwanja ninacho na sikidharau, ila siku otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, imekufa huwezi kukata kona ya kiwanja ukamlipe fundi. Kuna mwenzangu ana viwanja vitatu Kigamboni na bado anakopa kununua gloves. Hela ya kliniki lazima iwe na umbo la kukatika vipande vidogo, leo milioni moja, kesho laki nne, na iwe mbali kidogo na mkono wako. Liquid imenipa hayo yote mawili.

Sasa jinsi navyoitumia. Kila Jumamosi jioni tukifunga, kabla sijaondoka, nahamisha kwa simu. Siweki kinachobaki, nilishajaribu hiyo na hakuna kitu kinachobaki, natoa kwanza. Kwenye daftari nimegawa mafungu matatu japo kule hela iko pamoja. Fungu la kwanza vifaa. Nilikaa na karatasi nikaandika kila kitu kilichopo chumbani, kiti kimoja nilinunua milioni 15 na nategemea kidumu miaka kumi, maana yake kinakula laki 1 na elfu 25 kila mwezi hata kama hakijaharibika, viwili laki mbili na nusu. Otoklevu milioni 6 kwa miaka sita ni kama elfu 83. Kompresa milioni 3 miaka mitano elfu 50. Eksirei ndogo na sensa yake milioni 8 miaka mitano elfu 133. Jumla laki 5 na elfu 16 kwa mwezi. Niliposoma hiyo namba nilikaa kimya muda mrefu, maana miaka yote nilikua naiita hiyo laki tano faida na naila.

Fungu la pili ni TRA. Sisi wa kampuni tunalipa kodi ya makadirio mara nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kila ikifika mwisho wa Septemba zamani nilikua naumwa kabisa kichwa. Sasa hivi hela ipo inasubiri, na ikiwa inasubiri inazaa. Fungu la tatu naliita la Januari. Januari wazazi wote wako kwenye ada, mtu anakuja jino limetoboka unamuelekeza azibe anakwambia dokta nipe dawa ya maumivu tu nitarudi mwezi wa tatu. Na mwezi wa Ramadhani mchana kliniki inapoa, wengi wanaahirisha mpaka baada ya Iddi kwasababu ya maji mdomoni na damu. Hiyo sio bahati mbaya, iko kwenye kalenda kila mwaka, kwahiyo mishahara ya miezi hiyo inatakiwa iwe imeshawekwa toka Oktoba.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba kuweka akiba ndo kulinilazimisha kujua kliniki yangu inaingiza nini hasa. Maana mwezi wa tatu toka nianze nilishindwa kuweka, wagonjwa walikua wengi lakini hela hamna. Ikabidi nihesabu saa ya kiti. Naomba mnisikilize hapa vizuri, hii ndo sehemu ningependa kila mwenye kliniki aifanye hata kama hatawekeza shilingi.

Nilichukua gharama zote za mwezi ambazo zinakuja hata asipoingia mgonjwa, kodi ya pango milioni 1.5, mishahara ya wenzangu milioni 4.6, umeme maji na intaneti laki 4 na nusu, gloves barakoa na dawa za kusafishia laki 7, leseni na mhasibu ukigawa kwa mwezi laki 3 na nusu, vile vifaa laki 5 na 16, na mshahara wangu milioni 2 na nusu. Huu wa mwisho nilikua siuweki! Nilikua nafanya kazi ya daktari bure halafu najisifia faida. Jumla milioni 10 na laki 6 na kidogo. Viti viwili, saa nane kwa siku, siku 26, ni saa 416. Lakini mgonjwa anakua kweli amelala kwenye kiti saa ngapi? Nesi aliandika mwezi mzima kwenye daftari, mgonjwa kaingia saa ngapi katoka saa ngapi. Zilikua saa 150. Yani zaidi ya nusu ya muda viti vilikua vitupu, na sisi tulikua tunajiona tuna foleni kwasababu watu wote wanakuja saa mbili asubuhi na saa kumi jioni.

Gawanya, unapata kama elfu 71 kwa kila saa moja ya kiti chenye mtu. Sasa angalia, kung'oa nilikua nachaji elfu 30, ukiweka sindano ya ganzi, kusubiri ishike, kung'oa, kumpa maelekezo, ni nusu saa, gharama elfu 35. Hasara. Kutibu mzizi wa gego nilikua nachaji laki 1 na elfu 80, mgonjwa anarudi mara tatu, jumla saa mbili na nusu, hiyo ni elfu 177 kabla hujahesabu mafaili ya kukwangulia mzizi, gutapaka ya kuuziba na dawa za kuuoshea. Hasara tena, na hii ndo kazi niliyokua najivunia kuliko zote. Kusafisha meno elfu 50 kwa dakika arobaini ndo ilikua inapumua kwa shida.

Wa kwanza niliyemuonyesha akaniambia pandisha bei. Sikupandisha zote, Tabata sio Masaki, ukipandisha kung'oa mtu anaenda kung'olewa na asiyejua na mimi roho haitanipa. Nilichofanya ni kujaza viti. Dada wa mapokezi anatuma ujumbe WhatsApp siku moja kabla na anapiga simu asubuhi, wa matibabu marefu wanaacha kianzio, wafanyakazi wa maofisini tunawapa saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, wazee na kina mama wa nyumbani tunawaita saa tano mchana kiti kikiwa wazi. Mizizi isiyo na usaha nikaanza kuimaliza siku moja pale inapowezekana, mgonjwa hapotezi nauli mara tatu na mimi sifungui pakiti mpya ya vifaa mara tatu. Baada ya miezi minane saa za kiti zilifika 220, gharama ya saa ikashuka mpaka elfu 48. Bei ileile ya kung'oa ikaanza kuacha kitu. Hapo ndo mchango wangu wa Jumamosi Liquid ukawa haukatiki.

Kuna kosa lingine nalisema japo linaniuma. Kabla ya haya yote nilichukua mkopo wa milioni 30 nikanunua eksirei ya taya nzima, ile ya kuzunguka kichwa. Mkopo niliambiwa riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka mitatu, nikaona mbona nafuu. Sikuuliza kama ni flati au ya salio linalopungua. Ilikua flati. Maana yake wanapiga asilimia 12 ya milioni 30 yote kila mwaka hata kama umesharudisha nusu, riba ikawa milioni 10 na laki 8, rejesho milioni 1.13 kila mwezi. Ungekua mkopo wa salio linalopungua kwa asilimia hiyohiyo rejesho lingekua kama laki 9 na elfu 96 na riba yote isingefika milioni 6. Ukiigeuza ile flati ya 12 kuwa ya salio linalopungua ni karibu asilimia 21! Neno moja tu ambalo sikuuliza limenigharimu karibu milioni 5, hiyo ni kompresa na chenji.

Na mashine yenyewe? Picha sita kwa mwezi, elfu 50 kila moja, laki tatu, rejesho milioni na zaidi. Bado chumba ilibidi kikaguliwe na kipate leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu kwa ajili ya mionzi, ambayo ni haki kabisa lakini ni gharama sikuiweka kwenye hesabu. Hapo mtaani kulikua na kituo cha picha nilichokua nawatumia wagonjwa siku zote, wanarudi na picha nzuri mimi silipii chochote. Niliinunua kwasababu niliiona kwa mwenzangu, sina sababu nyingine. Nikaja kuiuza kwa hasara. Siku hizi kifaa chochote kipya sharti langu ni moja, kwanza naandika miezi sita nimewatuma nje wagonjwa wangapi kwa ajili ya hicho kitu, kama namba hailipi rejesho basi naendelea kutuma.

Turudi kwa Liquid, mapungufu yake myajue. Kwanza sio ya dharura ya siku hiyohiyo. Ukiomba kutoa wanasema mpaka siku tatu za kazi, kwangu mara nyingi imekua hivyo, kwahiyo kompresa ikifa Jumanne hela unaipata Ijumaa. Dawa yake ni kuacha benki kiasi cha kuendesha kliniki wiki mbili, sio zaidi, maana kwenye akaunti ya kawaida ya benki hela inalala tu. Pili, hakuna anayekuhakikishia faida. Sio akaunti ya benki, ile bima inayolinda amana za benki haiihusu, na mwaka huu ikipanda hivi sio lazima mwakani ipande vilevile. Mimi imenipa vizuri kwa mbali kuliko akaunti yoyote ya akiba niliyowahi kua nayo, lakini hela ya mshahara wa mwezi huu usiipeleke huko. Tatu, fungueni kwa jina la kampuni. Mimi nilianza kwa jina langu kwasababu ni rahisi, namba ya NIDA na simu umemaliza, ya kampuni inataka cheti cha BRELA, katiba ya kampuni na azimio la wakurugenzi, nikaona usumbufu. Matokeo yake mwaka wa kwanza hela ya kiti ilienda kwenye msiba na sikuweza kusema hapana kwasababu ni jina langu. Tulivyohamia akaunti ya kampuni yenye sahihi mbili, yangu na ya mke wangu, hiyo ikaisha kabisa. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na ni mkali kuliko mhasibu.

Hati fungani za serikali nimeingia kidogo, na hizi ni za hela ambayo hutaigusa. Kiwango cha chini milioni moja, unafungua akaunti kupitia benki au dalali wa soko la hisa, unaomba kwenye mnada wa Benki Kuu (BoT). Kuna wenzetu walibahatika 2021 ya miaka 25 ilipotoka na kuponi, yani riba ya mwaka, ya asilimia 15.95. Mimi nilichelewa nikakuta 2022 zimeshushwa, ya 25 ikawa 12.56 na ya miaka 20 ikawa 12.10, nikachukua hiyo ya 20 kwa milioni 20. Inanipa milioni 1 na laki 2 na elfu 10 kila miezi sita, na haikatwi kodi. Baadae zikatoka tena zenye kuponi kubwa, na hapo ndo nilijifunza kwamba yangu ningetaka kuiuza sokoni wakati ule bei yake ilikua imeshuka, nani anunue ya 12 wakati kulikua na ya juu zaidi. Mimi siuzi kwahiyo sina shida, kuponi yangu haijabadilika hata senti. Ila mtu aliyeweka humo hela ya kununulia kiti cha pili angelia.

Kilichonipendeza ni hiyo miezi sita. Mwenye nyumba wangu anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wa Dar, milioni 9. Kuponi haifiki hata robo ya hiyo, lakini imeshachukua jukumu la kumlipa fundi wa kufanya sevisi ya viti na leseni zote za mwaka, na kila mwaka naongeza milioni tatu nne. Ningehitaji karibu milioni 150 ili kuponi ilipe pango lote. Sipo karibu, ila najua namba na naitazama.

La bima nalo linahusiana. Machi 2024 hospitali binafsi chini ya umoja wao wa APHFTA zilipositisha kupokea kadi za NHIF, bima ya afya ya taifa, kwasababu ya kitita kipya cha mafao, wote tuliona jinsi kliniki nyingi zilivyotikisika ndani ya siku chache. Sizungumzii nani alikua na haki. Nasema kliniki ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake yanatoka kwa mlipaji mmoja, yeyote yule, inalala kwenye kitanda cha mtu. Kuna bima nyingine kabisa ilishanichelewesha miezi minne, madai yamepita, barua ninayo, hela haiji. Miezi minne hiyo mishahara ilitoka Liquid, na hakuna mfanyakazi aliyejua. Baada ya hapo tukaamua hakuna mlipaji mmoja atakayezidi robo, tukaongeza mikataba na shule mbili za jirani kukagua meno ya watoto, wanalipa taslimu na wazazi wanafuata nyuma.

Nyota? Liquid naipa nne kati ya tano, hiyo moja nimeipunguza kwa zile siku tatu. Hati fungani nne pia, kwa mwenye subira tu. Kama una mkopo wa flati bado unalipa, usije huku kwanza, pigia hesabu kuumaliza ule mkopo, hakuna mfuko utakaokupa asilimia 21.

Mwezi uliopita otoklevu ilianza kushindwa kufikisha joto, kipimo cha karatasi hakibadiliki rangi. Kwenye meno huwezi kubahatisha na hilo, kuna homa ya ini, kuna VVU, tukafunga siku hiyohiyo. Niliomba kutoa Jumatatu, Alhamisi asubuhi hela ikaingia, Ijumaa fundi akafunga mpya tukaijaribu mara tatu, Jumamosi saa mbili tukafungua. Wagonjwa tuliokua tumewaahirisha walikua kumi na mmoja, walirudi kumi.